Bei ya Mvuto

Kailemia alipoleta bango la kutangaza mchezo wetu, lilikuwa na picha ya mizinga ya kivita, ile ya magurudumu, ikitema moto. Mchezo unaitwa Mizinga kwa sababu ya mizinga ya nyuki, yale magogo yanayotundikwa mitini kule Kiambere, na mtu aliyeufungua hata kwa dakika moja angeona nyuki na asali kila pembe ya skrini. Kailemia ndiye aliyekuwa anautoa kwa umma. Ndiye aliyejiita mkurugenzi. Kumbe hakuwa ameufungua.

"Lakini imetoka poa, Madam," aliniambia huku akilitazama bango lake kwa mapenzi. "Watu wanapenda vita."

Vijana wa mtandaoni nao waliposoma jina hawakuona nyuki wala bunduki. Waliona mzinga wa pombe, ile chupa kubwa, wakachekeana mpaka wakachoka. Hao ndio walikuwa wateja wetu.

Mimi ni Ruguru. Nafundisha hesabu katika shule ya upili nje ya mji wa Embu, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba sina subira na mtu asiyefikiri. Ni kweli. Mchezo huu niliuanza na ndugu yangu Munyi juu ya katoni iliyokatwa, askari wakiwa vifuniko vya soda, mwaka ule mama yetu alipofariki. Munyi alikuwa mdogo wa kufungwa kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimetoka tu shule. Nilimlea mwenyewe: nilimpikia, nikamnyoa, nikaketi kwenye mikutano ya wazazi kati ya wamama waliodhani nimepotea njia. Siku za mvua tulikunjua katoni tukacheza, na kila alipolalamika kwamba nimemwonea, tulibadilisha kanuni moja mpaka malalamiko yakaisha. Hivyo ndivyo mchezo mzuri unavyotengenezwa. Baadaye Munyi alisomea kompyuta, akautia kwenye simu, na ile katoni ikawa na nyasi na kivuli.

Wacha niueleze, maana nimechoka na watu wanaouzungumzia bila kuujua. Mnacheza wawili, kwa zamu. Kwenye zamu yako unasogeza askari, unajenga, unaroga, kisha unamwachia mwenzako. Ubao ni wa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Anayeshika mzinga hupata asali kila zamu, na asali ndiyo inayolipia kila kitu, askari na uchawi pia. Kila upande una Kiongozi. Kiongozi wako akifa, umeshindwa. Mwanzoni kabisa una mtu mmoja tu, mwanamke wa mkuki mrefu aitwaye Ciakuthii, mwenye nguvu kuliko askari wote utakaowafunza. Zamu ya kwanza anamzaa Kiongozi: mwanga kidogo, muziki kidogo, na mtoto anasimama akiwa mtu mzima tayari. Hilo lilikuwa wazo la Munyi. Ciakuthii lilikuwa jina la mama yetu. Mimi niliona ni pambo tu, lakini halikuvuruga hesabu, nikaliacha.

Sasa, uchawi. Askari hutembea. Unamwona akija, unajipanga, unakosea au unapatia. Uchawi hautembei. Unatoka kwangu unafika kwako papo hapo, kwenye zamu yangu, wewe ukiwa umekunja mikono huna la kufanya. Kwa sababu hiyo ni lazima uwe ghali, au uwe dhaifu, au uwe wa muda. Ukiwa na nguvu, na ukawa rahisi, na ukawa wa kudumu, hakuna mchezo tena, kuna mtu na kitufe.

Munyi alipoanza kufanya kazi kwa Kailemia alitunga uchawi mmoja ili amfurahishe bosi wake mpya. Aliuita Mvuto. Unamchagua askari wa adui, unalipa asali, naye anageuka kuwa wako milele. Na bei yake ilikuwa chini ya gharama ya kumfunza huyo askari mwenyewe.

Watoto wa kidato cha kwanza wangeiona kasoro kabla sijaweka chaki chini. Nikikuvutia askari mmoja, wewe umepungukiwa mmoja nami nimeongeza mmoja, kwa hiyo tofauti kati yetu ni wawili, na nimelipa chini ya bei ya mmoja. Basi mwenye akili hafunzi askari kabisa. Kufunza askari ni kumpikia adui. Unakaa kwenye mizinga yako, unalimbikiza asali, unangoja mjinga atangulie kujenga. Wakikutana wawili wenye akili, hakuna anayejenga. Niliwahi kuwatazama vijana wawili wakicheza hivyo, huyu anapitisha zamu, yule anapitisha zamu, hadi simu ya mmoja ikaisha chaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa mshindi, betri.

Nilipanda gari hadi Meru nikamwambie Kailemia uso kwa uso. Ofisi yake iko Majengo, ghorofani juu ya bucha, na ina kiti cha kuzunguka ambacho hukizungusha mtu akiwa anazungumza naye, kwa hiyo nusu ya maneno yangu niliyaambia kisogo chake. Nilimwomba mambo mawili, akubali lolote moja: apandishe bei ya Mvuto, au aufanye uishe baada ya zamu tatu, askari arudi kwake.

"Madam Ruguru," alisema kiti kilipomrudisha kwangu, "hakuna mtu anarekodi video ya usawa. Watu wanarekodi mtu akishtuka. Ile sura mtu anafanya akiibiwa jeshi yake, hiyo ndio bidhaa."

Nilimgeukia Munyi. Alikuwa mezani pake, amevaa fulana yenye yale mabunduki ya kwenye bango.

"Ni ukweli, sista," alisema bila kuniangalia. "Wasee wanaipenda hiyo kitu. Tukiitoa wataenda."

Nilimdharau siku hiyo, ndugu yangu wa kumlea. Alikuwa anajua hesabu ile kama mimi. Alikuwa ameijifunza juu ya katoni yangu. Sasa alisema maneno ya mwenye kiti, kwa sauti ya mwenye kiti, na hata kuitikia kwa kichwa alikuwa ameiga.

Nilirudi Embu na hasira yangu nikaifanyia kazi. Kama hawataki kuudhoofisha Mvuto, nitautafutia dawa. Na dawa ilikuwa kwetu siku zote: kirumi.

Kwa asiyekijua, kirumi ni laana ya mzazi. Mtu wa kando akikutukana barabarani, hizo ni kelele, unaenda zako. Lakini mzazi akikutamkia neno, hasa akiwa amekata tamaa nawe, hilo neno linakufuata popote ulipo, na nyumba inayokukaribisha inaionja laana hiyo. Wazee hawakukigawa kama pipi. Sasa tazama jinsi kilivyotoshea. Kwenye mchezo, kirumi kingefanya kazi kwa askari aliyeanzia kambini kwako tu, kana kwamba umemzaa. Mgeni huwezi kumlaani. Kwa hiyo hakina maana yoyote, mpaka adui akuvutie mtu wako. Hapo unalipa asali nyingi mno, mara moja tu kwa mechi, na yule aliyevutwa anaanguka pamoja na kila aliye kwenye vyumba vinavyomzunguka. Ghafla mwenye Mvuto anaanza kufikiria: huyu ninayemvuta nimweke wapi, jirani na nani? Mwizi analala na wasiwasi. Nilifurahi peke yangu jikoni.

Nilimpigia Munyi simu nikamweleza kila kitu. Nilimwambia kirumi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, akiandike hivyo. Akasema sawa, ataandika hivyo hivyo. Alipokimaliza tulikijaribu kwa wapiga upinde, kwa askari wa mkuki, kwa wapanda punda. Kilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kailemia alikipokea kwa sababu kilikuwa na moshi mweusi. Lakini Mvuto alikataa katakata kuugusa, na kirumi alisema atakitoa baadaye, labda, kama zawadi ya sikukuu. Tulibishana kwenye simu mpaka akaniletea shindano. Alikuwa ameandaa siku ya kuonyesha mchezo huko Nkubu, kwenye ukumbi wa kukodi karibu na soko. Tucheze mimi na yeye mbele ya watu. Yeye atumie Mvuto, mimi nitumie kirumi. Nikishinda, Mvuto utakuwa wa zamu tatu na kirumi kitaingia kwenye mchezo. Nikishindwa, mchezo utatoka ulivyo, nami ninyamaze.

"Utanyamaza kabisa?" aliuliza.

"Kabisa."

Nilikubali kwa dharau, sitaficha. Mtu ambaye hakujua mizinga ni nini, nitamwogopa vipi? Lakini pia nilikubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Ile katoni ndiyo iliyotulea mimi na Munyi. Watu wangeifungua simuni na kukuta upuuzi wa kuibiana, kisha wangesema huu ndio mchezo wa akina Ruguru.

Ukumbi ulijaa vijana. Kulikuwa na spika kubwa mno, mshereheshaji asiyejua zamu ni nini, na wasichana waliokuwa wakigawa soda kwa wanaopiga picha na bango. Ubao ulionyeshwa ukutani ili wote waone. Munyi aliketi kwenye meza ya mitambo, kati yangu na Kailemia, akiwa na ile fulana. Tulisalimiana kwa kichwa.

Kailemia alicheza vile nilivyojua angecheza, yaani hakucheza. Alishika mizinga mitatu ya mtoni, akafunza walinzi wawili wa maonyesho tu, akakaa akilimbikiza asali na kuwapungia mkono mashabiki. Mshereheshaji aliita hiyo mbinu. Nami niliweka asali pembeni polepole, nikajenga wachache, nikatafakari chambo.

Mpiga upinde hangetosha. Kailemia angemvuta na kumwacha huko mbali alikomkuta. Nilihitaji mtu ambaye hata mpumbavu angeona ni mlinzi bora, amchukue na kumsimamisha ubavuni mwa Kiongozi wake. Mtu huyo kwenye ubao alikuwa mmoja. Mchezaji yeyote mwenye busara humficha Ciakuthii nyuma, mbali na uchawi, na hata mimi katika majaribio yangu yote sikuwahi kumtoa. Lakini Kailemia hakuujua mchezo, asingeshuku. Nilimsogeza Ciakuthii mbele, peke yake, hadi ukingo wa mto.

Munyi aliinuka nusu kwenye kiti. Alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, midomo ikifunguka. Nilimkazia macho. Nilidhani anataka kumwonya bosi wake. Akaketi.

Kailemia hakufikiria hata kidogo. Alibonyeza Mvuto kwa kidole kilichonyooshwa juu kwanza ili kamera zipate, na Ciakuthii akageuka rangi, kutoka bluu yetu hadi nyekundu yake. Ukumbi ulipiga mayowe. Watu walirekodi sura yangu wakingoja nishtuke. Sikushtuka. Kisha, vilevile nilivyopanga, akamrudisha Ciakuthii nyuma na kumweka bega kwa bega na Kiongozi wake, akaegemea kiti akitabasamu.

"Madam, hiyo imeenda," alisema kwenye kipaza sauti.

Nilikuwa na asali ya kutosha, niliihesabu kwa macho na kuridhika. Nilitaka aone. Nilitaka wote wale, na fulana zao, waone hesabu ikimwangukia mtu aliyeidharau. Nilibonyeza kirumi, nikamgusa Ciakuthii.

Muziki ulikata. Moshi mweusi haukutokea. Ukutani kuliandikwa maneno kwa herufi nyeupe, polepole, na ukumbi mzima ukayasoma kwa sauti pamoja nami:

*Huyu ndiye aliyekuzaa. Kirumi hakipandi.*

Kisha Kiongozi wangu akaanguka, na askari wangu waliomzunguka wakaanguka pamoja naye. Ciakuthii alibaki amesimama pale pale kwenye rangi ya watu wengine.

Kicheko kikatikisa mabati. Nadhani wengi wao hawakuelewa kanuni. Walielewa kwamba yule mwalimu mwenye maringo amejiua mwenyewe, na hilo liliwatosha.

"Madam amejiroga," Kailemia alitangaza, na hata mimi nakiri alilisema vizuri.

Sikungoja soda. Nilitoka kwa mlango wa pembeni hadi uani, palipokuwa na tangi la maji na viti vya plastiki vilivyovunjika. Nimekasirika mara nyingi maishani lakini hasira ile haikuwa ya kawaida. Mchezo wetu ulikuwa umekwenda. Ungetoka na Mvuto wa bei ya bure, watu wangekaa juu ya mizinga wakingojana mpaka betri ziishe, na nilikuwa nimeahidi kunyamaza mbele ya ukumbi mzima.

Munyi alitoka nyuma yangu. Alikuwa ameivua ile fulana akabaki na vesti. Sijui alidhani hiyo itasaidia nini.

"Uliandika lini ile?" nilimuuliza.

"Ile siku ulinipigia simu."

"Hukuniambia."

"Sista, ni wewe uliniambia. Ulisema kinatoka kwa mzazi kinaenda kwa mtoto. Nikaandika vile ulisema. Ciakuthii ndiye anazaa Kiongozi, kila mtu anaona kwa zamu ya kwanza." Alikwaruza ukuta kwa kucha. "Nilidhani unajua. Nilidhani huwezi kuthubutu kumguza."

Niliipitia ile kanuni kichwani kwa ukali ule ninaosahihishia mtihani, nikitafuta pengo, na haikuwa na pengo. Mtoto hamlaani mama; akijaribu, kirumi kinamrudia yeye. Hata angekuwa amechukuliwa, hata angekuwa amesimama upande wa adui na mkuki mkononi. Nilikuwa nimelibonyeza lile jina kama kitufe kingine chochote. Munyi, mdogo wangu, mvaa fulana za mizinga ya moto, alikuwa amelitunza ndani ya mchezo mahali nisipoweza kulivunja. Ilikuwa kanuni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika mimi. Hilo nalo lilinichoma.

"Ungesimama ukasema, pale ndani," nilimwambia. "Ulinyanyuka nikakuona."

"Ningesema, angejua. Angeacha kumvuta. Ungesema nimekuuza. Na nimekuuza tu. Nimeandikia yeye Mvuto. Jumatatu tunahamia Nairobi, mimi na ofisi yote. Sikujua nikuambie aje."

Basi hiyo ndiyo habari niliyoletewa uani, juu ya yote. Ndani mshereheshaji alikuwa akilitaja jina langu tena na watu wakicheka tena. Nilihisi neno likija. Sijui kama mtu ambaye hajalea anaweza kulielewa: si tusi, matusi ninayo mengi na huyatumia kila siku kwa watu wasionihusu. Hili lilikuwa lingine. Nilikuwa nimeketi kwenye ile mikutano ya wazazi. Neno langu kwa Munyi lingeshuka vizuri, lisingekosa njia, na lingemkuta Nairobi au kokote.

Naye alijua. Hakuondoka. Alisimama mbele yangu ameinamisha kichwa, mabega wazi kwenye baridi ya Nkubu, mikono nyuma, akingoja nilitamke. Alikuwa mrefu kunizidi tangu zamani, lakini utosi wake niliuona wote, na pale nyuma nywele zilikuwa zimenyolewa vibaya na kinyozi wa mtu mwingine.

Nilimsogelea. Nikamtemea mate kidogo kifuani, vile mama alivyombariki kila mmoja wetu tulipoanza safari.

"Nenda salama," nikamwambia. "Ufanye kazi ujulikane. Na ule Mvuto wako ni takataka."

"Najua," alisema.

Alibaki vilevile ameinama, kana kwamba bado anangoja lile neno jingine. Kisha akavaa fulana yake juu ya mate, bila kuyafuta, akarudi ndani walikokuwa wakimwita.